Mwalimu wa kemia wa nyumbani: pima teneur yake mbele ya kumlipa



Mwisho wa mwezi, feza ikiingia, kila nyumba ya mchimbaji inajua mpangilio wake: unga, kodi ya nyumba, deni la duka, minerval ya watoto. Kuna nyumba moja ya Kolwezi ambamo waliongeza mstari mwingine ndani ya daftari la matumizi: «répétiteur ya chimie». Baba wa nyumba ile anatumika usine, kazi ya zamu, siku 14 kazini, siku 7 nyumbani. Mtoto wake wa pili yuko mwaka wa tatu wa humanités, section scientifique. Kila mwezi baba analipa. Kila juma mwalimu anakuja mara tatu. Daftari la mazoezi linajaa, kurasa safi, majibu yote ya kweli. Kisha bulletin inafika: chimie, 4 juu ya 20.

«Minalipa, mwalimu anakuya, kaye inajaa, na mutoto anarudia paka na nne,» baba ule alituambia. «Sasa feza yangu iko naenda wapi?»

Swali lake ndilo swali letu la leo. Hatuleti hapa majina ya walimu wala bei zao. Tunataka kuonyesha namna gani mzazi, hata yule ambaye hakusoma kemia siku moja, anaweza kujua kama mtu anayeingia nyumbani mwake anafundisha kweli. Creuseur hakubali kuuza gunia lake bila kujua teneur. Anasimama pale, anaangalia mashine, anabishana. Juu ya nini basi tunamlipa mwalimu mwezi kwa mwezi bila kumpima?

Ngazi isiyokubali kurukwa

Kwanza tuelewane juu ya kemia yenyewe. Somo la historia, mtoto akikosa sura moja, anaweza kusoma ile inayofuata na kuelewa. Kemia haiko vile. Iko sawa ngazi ya kushukia ndani ya shimo: ukitoa vidaraja viwili vya katikati, hata mwenye nguvu hafiki chini.

Kidaraja cha kwanza ni alama za elementi: Cu ni shaba, Co ni kobalti, O ni oksijeni. Kisha inakuja valence, maana yake hesabu ya mikono ambayo kila elementi iko nayo ya kushika wenzake. Kisha formule. Kisha équation na namna ya kuisawazisha. Kisha mole. Kisha asidi na base, électrolyse, na kule mbele kemia ya kaboni.

Mtoto anayepata 4 mwaka wa tatu, mara nyingi hakuanguka mwaka wa tatu. Alianguka zamani, siku mwalimu wa kalasi alipofundisha valence naye amelala na malaria, ao siku aliporudishwa nyumbani juu ya minerval. Tangu siku ile anakanyaga hewa. Anaandika yale yanayoandikwa ubaoni, anakariri, anasahau. Mwalimu wa kalasi mwenye watoto wengi mbele yake hana wakati wa kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Kazi ya kurudi nyuma ndiyo kazi ya mwalimu wa nyumbani. Asipoifanya, hakuna haja ya kumwita.

Kuna tena jambo la lugha, ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Watoto wetu wanaongea Swahili nyumbani na barabarani, lakini kemia wanaisoma kwa Kifaransa, na examen d'État inakuja kwa Kifaransa. Chukua neno «solution». Kwa mtoto, «solution» ni jibu la hesabu, ao njia ya kutoka ndani ya matata. Ndani ya kemia, «solution» ni maji yenye kitu kilichoyeyuka ndani yake, sawa chumvi ndani ya mchuzi. Mtoto anasoma swali, anafikiri wanamwomba jibu, kumbe wanamwambia juu ya maji. Anapotea mbele ya kuanza. Mwalimu mzuri anafasiria kwa Swahili mpaka jambo linaingia, kisha anamrudisha mtoto kwenye Kifaransa, sababu siku ya mtihani Swahili haitamjibia.

Nani anashika biki?

Turudi kwa baba wetu wa Kolwezi. Juma lake la mapumziko lilipofika, hakwenda kuona ndugu. Alikaa sebuleni na redio yake, akaizima, akaangalia somo. Saa moja na nusu. Hakuelewa formule hata moja. Lakini kuna kitu alikiona, na kile kilitosha.

Mwalimu ndiye alikuwa anaandika. Tangu mwanzo mpaka mwisho, biki ilikuwa ndani ya mkono wa mwalimu. Alichukua mazoezi ya shule, akayafanya yote, mbio mbio, akisema «unaona?», na mtoto anajibu «ndiyo». Kisha mtoto akanakili kwa mwandiko mzuri. Ndiyo sababu daftari lilikuwa safi: hapakuwa na kosa la mtoto ndani yake, sababu hapakuwa na fikra ya mtoto ndani yake.

Mwalimu alipotoka, baba aliuliza:

«We unafanyaka nini wakati ye anaandika?»

«Mi naangaliaka, papa. Ule bwana anajua sana.»

«Anajua, sawa. Na weye?»

Mtoto akanyamaza.

Tunasema wazi: mwalimu ule hakuwa mwizi. Alikuja kila siku, hakuchelewa, kemia aliijua. Lakini baba alikuwa analipa mtu afanye mazoezi ya shule, hakuwa analipa mtu afundishe. Ni vitu viwili. Na alama ya kutofautisha ni ile ndogo sana: nani anashika biki? Mzazi yeyote anaweza kuiona, hata kama hajui kusoma.

Meka ya mahindi

Mwalimu wa pili alikuwa kijana anayemaliza masomo ya ualimu. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Aliomba daftari zote za mtoto, hata za mwaka wa kwanza, akazipitia polepole. Kisha akauliza:

«Papa yako anatumika kazi gani?»

«Ku usine. Ku lixiviation.»

«Basi, weye uko mutoto wa chimie, ujue ao usijue.»

Kisha akampa mtoto biki, akamwambia aandike formule ya maji na afasirie juu ya nini kuna 2 pembeni ya H. Mtoto aliijua formule, lakini hakujua sababu. Pale pale mwalimu aliona kidaraja kilichokosekana. Majuma mawili ya kwanza hakugusa somo la mwaka wa tatu hata kidogo. Mama wa nyumba alianza kulalamika: «Anamurudisha mutoto ku bya kitoto.» Lakini baba alimwomba angojee.

Ilipofika mole, ambayo inatisha watoto wengi kuliko yote, kijana ule aliuliza swali la sokoni. Mama akienda kununua mahindi, anahesabu punje? Hapana. Anapima kwa meka. Punje ni nyingi mno, meka inafanya kazi ya kuhesabu kwa niaba yetu. Mole ni meka ya kemia. Chembe za shaba ni ndogo sana, hakuna anayeweza kuzihesabu moja moja, basi watu wa kemia wamepatana juu ya meka moja: chembe 602 000 000 000 000 000 000 000. Meka moja ya chembe za shaba ina uzito wa gramu 63,5. Meka moja ya chembe za oksijeni, gramu 16. Hesabu ya chembe ni ile ile, uzito ndio tofauti, sawa meka ya mahindi na meka ya maharagwe hazilingani uzito.

Mtoto alicheka. Mama naye, kule jikoni, alicheka. Tangu siku ile hakusema tena kwamba wanamrudisha mtoto nyuma.

Gunia la malachite

Sasa tuwaonyeshe somo moja la mwalimu ule, sababu linagusa mkate wa nyumba nyingi zinazotusoma.

Ile jiwe la kijani tunaloita malachite lina formule yake: Cu2CO3(OH)2. Tuhesabu uzito wa mole moja. Shaba iko mara mbili: 63,5 na 63,5 ni 127. Kaboni iko mara moja: 12. Oksijeni iko mara tano: 80. Hidrojeni iko mara mbili: 2. Yote pamoja ni 221.

Basi ndani ya kilo 221 za malachite safi, shaba ni kilo 127. Gawanya: inakuwa asilimia 57 na nusu hivi.

Creuseur yeyote anaona mara moja maana yake. Hii ndiyo teneur ya juu kabisa ya malachite. Gunia la malachite peke yake, bila udongo, bila mawe mengine, haliwezi kupita hapo. Mtu akikuambia malachite yake iko na 70, anakudanganya ao anajidanganya. Na likiwa na udongo, inashuka. Hesabu hii haipimi gunia lako, kupima ni kazi ya mashine. Lakini inakupa mpaka wa kufikiria, na mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuifanya mezani kwa dakika tano.

Sasa twende usine. Malachite ikitiwa ndani ya asidi sulfuriki, inatoa sulfati ya shaba, maji, na gesi ya kaboni. Watoto wanaandika:

Cu2CO3(OH)2 + 2 H2SO4 → 2 CuSO4 + CO2 + 3 H2O

Kilo 221 za malachite safi zinaomba kilo 196 za asidi safi. Inaingia kilo 417. Inatoka sulfati ya shaba kilo 319, gesi kilo 44, maji kilo 54. Jumlisha: kilo 417. Kinachoingia ndicho kinachotoka, hakuna kilichopotea, sawa kitabu cha magasini kilichoandikwa vizuri. Hii ndiyo sababu ya kusawazisha équation. Siyo mchezo wa walimu wa kutesa watoto.

Baba wa zamu alipoonyeshwa ukurasa ule, alikuwa na neno la kuongeza: kazini asidi inapita hesabu hii. Mwalimu akakubali: ndiyo, sababu mawe mengine nayo yanakula asidi, sana sana yale yenye dolomie. Hivi mwalimu alifundisha baba, na baba akamfundisha mwalimu, na mtoto katikati akasikia kwamba somo la shule na kazi ya baba ni kitu kimoja.

Tusidanganye: si kila mwalimu atakuwa na ufundi ule. Lakini mwalimu anayefundisha kemia ndani ya Lualaba ao Haut-Katanga, fasi shaba inatoka ardhini mbele ya macho yetu, kisha hataji shaba hata siku moja, huyu anafundisha maneno tu.

Fasi ya kumtafuta

Zamani wazee wetu hawakuwa na taabu hii yote. Union Minière, iliyoanza 1906, na kisha Gécamines, walikuwa na shule zao kwa watoto wa wafanyakazi, na kampuni ndiyo iliyoangalia. Kazi ilipoanguka, na maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines kutoka ndani ya «départs volontaires» vya mwaka 2003, mzazi alibaki peke yake. Masomo ya primaire katika shule za serikali ni ya bure tangu 2019, lakini secondaire bado ni juu ya mfuko wa baba na mama. Basi tunatafuta wenyewe, na kutafuta kuna njia zake.

Njia ya kwanza ni wanafunzi wa ISP, sababu kule wanafundishwa namna ya kufundisha, siyo kemia peke yake. Wale wa mwaka wa mwisho wanahitaji feza kidogo na wako na uvumilivu. Wanafunzi wa chuo kikuu, wa kemia ao wa polytechnique, wanajua somo vizuri, lakini wengine hawajui kushuka mpaka fasi mtoto amesimama.

Njia ya pili ni wazee waliotumika ndani ya labo za kampuni, ambao leo wako pensheni. Mzee wa labo amepima asidi miaka na miaka. Mwambie mtoto amwite «baba» ao «mzee», si «monsieur», na mara nyingi atafundisha sawa mjukuu wake. Lakini angalia kama anajua programu ya shule ya leo.

Njia ya tatu ni mwalimu wa shule nyingine. Tunasema shule nyingine kwa sababu. Mwalimu wa kalasi ya mtoto mwenyewe akiomba alipwe nyumbani, mzazi anaingia ndani ya tego: akikataa, anaogopa pointi za mtoto, akikubali, hajui tena kama pointi ni za mtoto ao ni za feza. Hatuwatukani walimu. Tunajua mishahara yao na tunajua namna inavyochelewa. Lakini kwa heshima ya mwalimu na ya mtoto, ni vizuri mkono unaofundisha nyumbani usiwe ule unaotoa pointi shuleni.

Uliza préfet wa shule. Uliza kanisani ao msikitini. Zaidi ya yote, uliza yaya wa barabara yenu, yule aliyefaulu mwaka uliopita: nani alikufundisha wewe? Jibu la mtoto aliyefaulu linapita karatasi ya matangazo iliyobandikwa ukutani.

Namna ya kumpima

Ukimpata, usizungumze bei kwanza. Mpe daftari na bulletin, muulize: «Unaona mtoto huyu anashindwa fasi gani?» Anayejibu «mambo yote, nipe miezi mitatu» hajaangalia. Anayesema «ngoja nimuulize maswali mbele» ameanza kazi.

Somo la kwanza, kaa karibu. Angalia biki. Mtoto akikosea, angalia mwalimu anafanya nini. Anafuta na kuandika jibu? Ao anauliza «ulifikiri nini mpaka ukaandika hivi?» Kosa la mtoto ni sawa alama ya mshipa kwa mchimbaji: ndilo linaloonyesha wapi pa kuchimba.

Somo likiisha, mwite mtoto, mwambie: «Mwanangu, nifasirie kwa Swahili kitu kimoja ulichosoma leo.» Usiogope kwamba hujui kemia. Ni vizuri zaidi kwamba hujui, sababu itabidi akuelezee mpaka uelewe. Akisema «mwalimu alifanya hivi, kisha hivi», bado. Akisema «inakuwa hivi juu ya hivi», limeingia. Neno «juu ya» ndilo teneur ya somo.

Muulize mwalimu naye jambo moja gumu kutoka kazini kwako. Akisema «hili silijui, nitatafuta», na juma linalofuata akaleta jibu, mshike vizuri. Anayejua yote papo hapo, umwangalie mara mbili.

Mwisho wa mwezi, tafuta maswali ya examen d'État ya miaka iliyopita. Mpe mtoto peke yake, saa moja, bila mwalimu, bila telefoni. Maswali mengi kule ni ya kuchagua jibu, basi asiandike herufi ao namba tu: aandike pembeni hesabu iliyomfikisha pale. Linganisha na mwezi uliopita. Usiangalie kama amepata yote. Angalia kama anapanda.

Mapatano ya feza na usalama

Andikeni mapatano, hata kwenye karatasi ya daftari: siku ngapi kwa juma, saa ngapi, feza ngapi, na nini kitatokea mwalimu asipokuja ao mtoto akiwa mgonjwa. Usilipe miezi mingi mbele. Kwa mwenye mshahara, mwisho wa mwezi ni sawa. Kwa creuseur, ambaye leo anapata na kesho hapati, afadhali kulipa kila somo likiisha. Hivi deni halijengeki na mwalimu hakai kimya na hasira.

Kama feza ni kidogo, unganeni. Watoto watatu ao wanne wa kalasi moja, nyumba moja, ubao mmoja, mwalimu mmoja, na kila mzazi atoe sehemu yake. Watoto wanaofasiriana wenyewe kwa wenyewe wanafaidika kuliko yule anayekaa peke yake. Lakini wasipite hesabu hiyo, itageuka kalasi nyingine iliyojaa. Wekeni saa za mchana, sababu courant ya jioni hatuitegemei.

Na jambo hili tunalisema bila kuzunguka: somo lifanyike barazani ao sebuleni, mlango wazi, na mkubwa mmoja wa nyumba awe karibu. Binti ao kijana, ni sawa. Mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu. Mwalimu mwenye heshima hatakasirika, yeye mwenyewe atafurahi, sababu mlango wazi unalinda jina lake naye.

Wale wa kukimbia

Mkimbie anayesema ataleta maswali ya examen d'État mbele ya siku. Kama ni uongo, feza imepotea. Kama ni kweli, mtoto ameingia ndani ya wizi, na siku ya kuingia chuo kikuu atakuwa na karatasi bila kichwa. Mkimbie anayeahidi pointi. Hakuna mtu anayeweza kuahidi pointi za mtu mwingine. Mkimbie anayetukana mtoto mbele yako: mtoto mwenye woga hasemi «sijaelewa», na asiposema vile, somo limekufa.

Kazi ya baba na mama

Mwalimu mzuri hamalizi kazi peke yake. Nyumbani kuna labo ndogo ambayo hatuioni. Kamua limau juu ya bicarbonate ya jikoni: inachemka na kutoa mapovu. Gesi ile ni ile ile inayotoka malachite ikikutana na asidi kule usine. Weka msumari mmoja ndani ya maji na mwingine mahali pakavu, ngojea juma moja, muulize mtoto juu ya nini mmoja umekula kutu. Haiombi feza.

Lakini usilete asidi ya kazini nyumbani, hata kidogo, hata kwa kuonyesha. Usilete mawe ya kuchezea watoto, sababu kuna mawe ya kwetu yaliyo na uranium, na jicho haliwezi kuyatofautisha. Leta badala yake maneno ya kazi. Kila anayetumika na asidi amefundishwa: asidi ndiyo inamiminwa ndani ya maji, polepole, hapana maji ndani ya asidi. Mwambie mtoto sheria ile, kisha umwombe atafute sababu. Sababu ni moto unaotoka wakati vitu viwili vinakutana. Maji machache yakiangukia asidi nyingi yanachemka mara moja na kuirusha usoni. Baba anajua sheria, mtoto analeta sababu.

Yule mtoto wa Kolwezi, trimestre iliyofuata alipata 9 juu ya 20. Ile ya kisha, 12. Si miujiza, na mwaka wa nne bado uko mbele yake. Daftari lake sasa ni chafu: mistari imekatwa, hesabu zimerudiwa, alama za swali kila fasi. Baba anapotoka zamu, analifungua mbele ya kula, anatafuta ukurasa wenye makosa mengi, anamwita mtoto.

«Hapa ulikosea nini?»

Na mtoto anachukua biki, anaanza kufasiria.